Wageni wetu walituaibisha mbele ya wazee: je, unyenyekevu ni kunyamaza?

Swali

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni katibu wa kamati ya ushirikiano katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Kilimanjaro. Tuna urafiki wa miaka mingi na usharika mmoja wa Ujerumani. Mwezi wa nane wageni wetu walikuja. Tuliwachinjia mbuzi, wawili wakasema hawali nyama. Binti mmoja aliingia ibadani na suruali ya kubana, akina mama wakanung'unika. Hayo tuliyavumilia. Lakini siku ya mwisho, kwenye kikao cha kuagana, mtunza hazina wao alisimama mbele ya wazee wote wa kanisa akamwuliza mwenyekiti wetu ziko wapi risiti za mabati ya chekechea. Mwenyekiti wetu ni mzee wa miaka sabini na kitu, na wajukuu zake walikuwepo. Hatukujibu kitu. Tuliimba, tukawavika khanga, wakaondoka. Sasa wameandika barua mbili wakiuliza mbona tuko kimya. Baadhi ya wazee wanasema urafiki huu ufe. Wengine wanasema tujinyenyekeze tu, maana wao ndio wanaotusaidia. Mchungaji, unyenyekevu wa Kikristo unadai nini hapa? Na nani anapaswa kuinama kwanza?"

Jibu

Amina, dada yangu, asifiwe milele. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa wengi hulijibu vibaya.

Anayepaswa kuinama kwanza ni mwenye nguvu. Paulo anawaambia Warumi, sura ya 15 mstari wa kwanza, kwamba wenye nguvu imewapasa kuuchukua udhaifu wa wasio na nguvu, wala wasijipendeze wenyewe. Wafilipi sura ya 2 inaonyesha njia hiyo kwa Kristo mwenyewe: aliyekuwa juu ndiye aliyeshuka. Mahali popote ambapo mnyonge peke yake anaambiwa ajishushe, na mwenye nguvu amekaa pale pale alipokuwa, hapo Agano Jipya limesomwa nusu.

Usidhani lakini kwamba nimekwisha kutoa hukumu, kwamba Wajerumani wana fedha, basi waombe radhi na yaishe. Katika urafiki kama wenu nguvu haikai upande mmoja. Kwenye fedha, wenye nguvu ni wao. Kwenye kikao kile, nyumbani kwenu, kwa lugha yenu na taratibu zenu, wenye nguvu mlikuwa ninyi. Mgeni hakujua nani ni mzee wa nani. Hakujua lipi husemwa kikaoni na lipi husemwa pembeni jioni, watu wakiwa wamekaa kwa utulivu. Hakujua hata kwamba ukimya wenu ulikuwa jibu. Kila upande una mahali pake pa kuinama, na ugomvi mwingi kati ya sharika za huku na za Ulaya hutokana na kila mmoja kungoja mwenzake ainame mahali ambapo zamu ni yake.

Ya nyama na suruali niyapitie haraka, kwa sababu Warumi 14 imekwisha kuyamaliza: "Yeye alaye asimdharau yeye asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu yeye alaye." Ujerumani ya leo wako Wakristo wengi, hasa vijana, waliojizuia nyama kwa ajili ya dhamiri, wakifikiria namna mifugo inavyofugwa viwandani na jinsi dunia inavyoharibiwa. Hawakuidharau heshima yenu. Ninyi wenyewe mna Walutheri wanaokunywa mbege na mna watu wa Uamsho, yaani walokole, wasioigusa, na mnashiriki meza moja ya Bwana. Na yule binti, nakuuliza kwa upole: kuna mtu aliyemwambia kabla ya Jumapili? Kama hakuna, basi akina mama walimhukumu kwa sheria ambayo hakusomewa. Hapo mwenye nguvu alikuwa mwenyeji, na ilitosha mama mmoja kumpa khanga asubuhi ile kwa tabasamu.

Sasa risiti. Hapa ndipo penye kidonda, na hapa nitakaa.

Mambo mawili yamechanganyika kwenye kikao kile: swali lenyewe, na mahali lilipoulizwa. Tuyatenganishe.

Swali lenyewe ni halali, na Maandiko yako upande wa aliyeuliza. Kumbuka ule mchango mkubwa alioukusanya Paulo kutoka sharika za Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Ulimchukua miaka, na aliusemea katika barua zaidi ya moja. Kule Korintho watu walianza kunong'ona. Ukisoma 2 Wakorintho 12 utaona walikuwa wakimshuku kwamba ni mwerevu, kwamba anawanasa kwa hila. Paulo alifanya nini? Hakusema, "Mimi ni mtume, nimemwona Bwana, mnathubutuje kuniuliza?" Katika sura ya 8 anaeleza kwamba anamtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili pasiwe na mtu wa kumlaumu kwa fedha nyingi kama zile. Anasema anaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana peke yake, bali na mbele ya wanadamu pia. Katika 1 Wakorintho 16 alikuwa amekwisha kuwaambia wachague wenyewe watu wa kuichukua zawadi, wapewe na barua. Na alipofunga safari, Matendo 20 inataja watu saba waliofuatana naye kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanaamini hao walikuwa wajumbe wa sharika zilizochanga, mashahidi wa mfuko ule.

Mtume alijitafutia wakaguzi mwenyewe kabla hajaombwa. Kwa hiyo mzee wetu, pamoja na mvi zake tunazoziheshimu, haaibishwi na risiti. Wapo kati yetu, na nasema hili kwa uchungu, waliojifunza kuitumia heshima ya uzee na ya joho kama ukuta wa kuficha hesabu. Sisemi hivyo ndivyo ilivyo kwenu. Nasema tu kwamba ukiuliza kama ni ufedhuli kudai hesabu ya fedha ya Bwana, jibu la Paulo ni hapana.

Lakini Paulo yuleyule ana upande wa pili, na huo mtunza hazina wa wageni wenu hakuujua, au aliusahau. Soma Warumi 15 mpaka mwisho. Paulo ana mfuko mkononi, anaenda kutoa, si kuomba. Hata hivyo anawasihi Warumi wamwombee ili huduma yake "ikubalike" kwa watakatifu wa Yerusalemu. Kwa nini mtoaji aogope kukataliwa? Kwa sababu alijua kwamba mkono unaotoa unaweza kuumiza. Wayahudi wa Yerusalemu wakipokea fedha za watu wasiotahiriwa, wamekubali kwamba hao ni ndugu zao wa nyumba moja, na si wote walioliafiki hilo. Zawadi ile ilikuwa ikiwadai kitu kikubwa wapokeaji. Tena katika mstari wa 27 Paulo anasema watu wa Mataifa ni wadeni: wameshiriki mambo ya kiroho ya Yerusalemu, basi wanalipa kwa mambo ya mwilini. Hakuna mfadhili na maskini hapo. Kuna wadeni wa neema, wanaolipana kila mmoja kwa kile alicho nacho.

Na alipofika Yerusalemu, tazama Matendo 21. Yakobo na wazee wanamwambia kwamba kuna maneno mengi juu yake mjini, kwa hiyo aende hekaluni ajitakase pamoja na watu wanne walioweka nadhiri, na yeye awalipie gharama. Huyu ni Paulo aliyewaandikia Wagalatia kwa moto kuhusu uhuru kutoka katika sheria. Angeweza kusema, "Nimewaletea fedha, sasa mnanipa masharti?" Alikubali. Aliyekuja na mfuko aliingia chini ya desturi ya nyumba aliyoifikia, na gharama akalipa yeye. Hiyo ndiyo adabu ya mtoaji. Mgeni anayemwuliza mzee mambo ya fedha mbele ya wajukuu zake, bila kumtafuta kwanza mtu wa kumwuliza jambo kama hili huku linasemwaje, hajaifikia adabu hiyo. Anapaswa kuomba radhi, na ninyi mnayo haki ya kumwambia.

Kabla hujamwambia, naomba umjue. Wajerumani walio wanachama wa kanisa na wanaolipa kodi ya mapato hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya ile kodi yao ya mapato kulingana na jimbo, lakini fedha za urafiki kama wenu mara nyingi hutoka kwingine. Hutoka kwenye sadaka maalumu, keki zinazouzwa baada ya ibada, minada midogo ya majira ya Majilio, na wastaafu wanaotoa kidogo kidogo kila mwezi. Mtunza hazina wa kamati kama ile kwa kawaida ni mtu wa kujitolea. Mtoaji akipewa hati ya sadaka, anaweza kupunguziwa kodi na serikali, na kwa sababu hiyo sheria inataka ionyeshwe kwamba fedha zimetumika kwa kazi iliyotajwa. Asipokuwa na karatasi, anayesimamishwa mbele ya wakaguzi kule ni yeye. Yawezekana sana alibeba hofu hiyo safari nzima, akangoja ninyi mseme, siku zikapita, na siku ya mwisho ikamtoka.

Kuna na jambo la malezi. Kwao, kumwuliza mtu waziwazi kikaoni ni dalili ya kumheshimu. Aibu kwao ni kwenda kuulizia pembeni, kwa sababu hiyo inanuka fitina. Kwetu ni kinyume: mwenye heshima hufuatwa nyumbani, tena mara nyingine kwa kinywa cha mtu wa tatu. Yeye alidhani anamheshimu mzee kwa kumkabili, ninyi mkaona amevuliwa nguo. Kueleza hivi hakufuti jeraha. Kunakusaidia tu kujua kwamba mtu huyu si adui.

Sasa nije kwenu, na hapa utanivumilia. Umeandika: "Hatukujibu kitu. Tuliimba, tukawavika khanga." Dada yangu, sehemu hii imeniumiza kuliko ile ya risiti. Mliwapa zawadi ya upendo wakati mioyo imefungwa. Wao waliondoka wakiamini mmeagana vizuri, na barua zile mbili zinaonyesha kwamba mpaka leo hawajui kilichotokea. Bwana wetu alisema, "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Aliyekosewa ndiye anayeambiwa aende. Ukimya wa miezi nao ni nguvu: anayenyamaza anajua, na mwenzake anatapatapa gizani. Katika hilo wenye nguvu ni ninyi, na kwa kipimo kilekile nilichoanza nacho, wa kuinama kwanza ni ninyi.

Najua hapa nagusa malezi yetu sote. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba mpole hajibu. Lakini Afrika Mashariki yetu imepata kuonyeshwa njia nyingine, na ilionyeshwa na Waafrika. Nazungumzia Uamsho. Mwezi wa tisa mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyopiga nchi ile. Juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo moto ukaenda Gahini, ukarudi Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika, na kwa upande wa Walutheri ukashika sana Bukoba.

Watu hukumbuka nyimbo, Tukutendereza, na ushuhuda wa wizi na ulevi ulioachwa. Kitu ambacho hakikumbukwi vya kutosha ni kwamba Uamsho ulivunja ukimya kati ya mweusi na mweupe, wakati ule wa ukoloni ambapo ukimya huo ulikuwa kama sheria. Pale Gahini, Yosiya Kinuka, aliyekuwa msaidizi hospitalini, alikwenda Uganda kumweleza Nsibambi matatizo yote ya hospitali ile. Nsibambi alimgeuzia swali kwenye moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akawa mwenzake Church wa karibu kwa miaka mingi. Na wamisionari nao wakaanza kufanya jambo ambalo wenzao waliliona la hatari: kutubu mbele ya Waafrika, wakitaja kiburi chao na hasira zao kwa majina. Neno lao lilikuwa 1 Yohana 1:7, kuenenda nuruni. Walilichukua kwa maana iliyo wazi kabisa: lililo kati yangu na ndugu yangu litolewe nje lionekane, damu ya Yesu iende pale.

Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972, alisimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akimchukia Mzungu mmoja. Alipookoka, Roho hakumpa nafasi. Alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu mpaka nyumbani kwa mtu yule, akamwomba msamaha kwa chuki ile, na mambo kati yao yakabadilika siku hiyohiyo.

Utaniuliza: Mchungaji, ulisema mwenye nguvu aanze, mbona hapa ameanza mtawaliwa? Ni swali zuri, na ndipo ninapotaka wazee wenu wote wafike. Kivengere hakutumwa na mtu. Hakuogopa kupoteza mabati. Hakuwa na faida yoyote aliyoitafuta kwa Mzungu yule. Alikwenda kwa kuwa neema ilikuwa imemfanya tajiri, na mtu aliyesamehewa deni kubwa huwa na nguvu ya kwenda kwanza hata kama dunia inamhesabu mdogo. Linganisha na hawa wanaosema "tujinyenyekeze, maana wao ndio wanaotusaidia". Hiyo ni hofu ya tumbo, na watoto wenu wa kipaimara wanaiona. Mtu anayeinama kwa sababu ya fedha atasimama fedha zikiisha, na atasimama na uchungu wote aliouhifadhi.

(Nisiwapambe watu wa Uamsho kupita kiasi. Nao walipata mahali wakawa na kiburi cha waliookoka, wakawaweka wenzao katika makundi, na sharika kadhaa zilipasuka. Neema ikishikwa kama cheo huzaa matabaka mapya. Hilo nalo tulijue.)

Isitoshe, ile hesabu ya "wao wanatusaidia" si sahihi hata kihistoria. Wamisionari wa Leipzig, shirika la misheni la Kilutheri la Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Mwaka 1896 wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, pamoja na baadhi ya Wachaga waliokuwa nao, na jeshi la wakoloni wa Kijerumani likalipiza kisasi kwa damu nyingi ya Wameru na Waarusha. Mwanzo wenu una makaburi ya pande zote mbili, na bado watu wa Meru waliipokea Injili. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Leipzig mwaka 1920. Nani alishika kanisa? Walimu wa Kichaga na Kimeru, waliofundisha watoto, waliozika wafu, waliotunza sadaka. Wazungu waliporudi walilikuta kanisa liko hai. Na mwaka 1977, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipokutana Dar es Salaam, lilimchagua Josiah Kibira, askofu kutoka Bukoba na mtu wa Uamsho, kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Leo wapo wachungaji wa Kitanzania wanaohudumu katika sharika za Ujerumani, ambako idadi ya waumini inapungua mwaka hadi mwaka. Wageni wenu wanapokuja kwenu Jumapili na kukuta watu wamejaa mpaka nje, wanapokea kitu ambacho wengi wao hawakukiona kwao tangu utoto. Msijiite ombaomba.

Kwa wale wazee wanaotaka urafiki ufe, nisingewakemea. Hoja yao ina heshima yake katika kanisa la Afrika. John Gatu, kiongozi wa Wapresbiteri wa Kenya, alitoa wito mwaka 1971 kwamba wamisionari na fedha kutoka nje visimame kwa muda, na Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliokutana Lusaka mwaka 1974 ukaliunga mkono wazo hilo. Wengi Ulaya na Marekani walilichukua kama tusi. Lakini Gatu naye alikuwa amelelewa katika Uamsho, na alitaka makanisa ya Afrika yajifahamu yenyewe, yajitegemee, kisha yakutane na wenzao yakiwa yamesimama. Kanisa lake lilijenga kwa neno lile la Jitegemea. Kwa hiyo waulizeni wazee wenu: je, tunataka kusimamisha fedha ili tusimame, au tunataka kumwadhibu mtu? Kama ni la kwanza, jambo hilo linaweza kuzungumzwa na wageni wenyewe, uso kwa uso, na huenda likawa jema. Kama ni la pili, litawaachia chekechea isiyokwisha na kinyongo kilichokwisha kukomaa.

Mfanye nini sasa?

Mtu mmoja anayeheshimika, si kamati nzima, aende kwa mwenyekiti nyumbani kwake. Kwanza amsikilize jinsi alivyoumia, mpaka amalize. Kisha, kwa upole uleule, amwulize kuhusu mabati. Yawezekana risiti zipo kwenye faili, na alinyamaza kwa hasira tu. Yawezekana zimepotea. Yawezekana fedha ilihamishiwa jambo jingine, labda kumlipia mtu hospitali au kumalizia mshahara wa mwinjilisti, kwa nia njema na bila kuwauliza waliotoa. Lolote litakalopatikana lielezwe lilivyo. Kama fedha ilihamishwa, mseme ilihamishwa, kiasi gani na kwa nini. Katika miaka yangu ya kufundisha na kusuluhisha mambo ya namna hii, nimeona urafiki ukipona baada ya habari mbaya iliyosemwa wazi. Sijaona ukipona kwa ripoti iliyotengenezwa.

Halafu andikeni barua. Ninyi watu wa Kilimanjaro mna kitu ambacho makabila mengi tunakionea wivu: isale, jani la kuombea msamaha. Mnajua kwamba mtu aliyekosa akileta jani lile, anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Waelezeni wageni wenu jambo hilo, wekeni na picha ya mmea wenyewe. Wanajifunza kitu cha thamani kwenu, tena kinachohubiri Injili bila kuongezewa neno. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa kwenu kuanzia 1902, sehemu kubwa ya wakati huo Old Moshi, alitumia miaka mingi kujifunza desturi na sheria za Wachaga, akaamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu anaweza kulijengea kanisa juu yake. Hakukubaliana naye kila mtu, na vijana waliotaka mabadiliko waliona anawarudisha nyuma. Hata hivyo alikaa chini kama mwanafunzi, na hilo wageni wenu nao wanaweza kulifanya wakipewa nafasi.

Barua iwe fupi, na iseme mambo yote mawili bila kuficha moja nyuma ya jingine. Anzeni na kosa lenu: tulinyamaza, tukawaacha mwondoke bila kujua, tunaomba radhi. Toeni hesabu ya mabati. Kisha semeni jeraha: mzee wetu aliulizwa mbele ya wajukuu zake, kwetu hilo ni aibu kubwa, tunaomba yule ndugu alijue na aseme naye mwenyewe. Msiseme "labda" wala "kama tuliwakwaza". Wajerumani hawalisomi jambo lililofichwa kati ya mistari, na kwa mara moja hii utaratibu wao unafaa kuliko wetu.

Kwa siku zijazo, pendekezeni ripoti ya fedha kila mwaka, yenye sahihi mbili, ikienda kwao kabla hawajaiuliza, kama Paulo alivyotangulia. Nanyi ombeni ripoti kutoka kwao: fedha walizipataje, nani alichangia, usharika wao unapitia nini, muwaombee kitu gani. Ushirikiano ambao upande mmoja tu unatoa hesabu hautakaa uwe sawa. Na maswali yote ya fedha yapitie kwa watu wawili waliochaguliwa, mmoja kila upande, wanaoweza kuandikiana wakati wowote, ili kikao cha kuagana kibaki cha kuagana.

Mwenyekiti akubali au asikubali kutia sahihi, asomewe barua hiyo kabla haijatumwa. Neno litakalomwumiza libadilisheni, ila hesabu msiiguse.